Ukisoma vitabu vya akili ukiwa na uzito moyoni

Vijana wanaokuja kuazima vitabu kwangu hapa Moshi huulizia majina yaleyale ya wanafikra wa Ulaya: Frankl, Camus, Kierkegaard. Wengi wamemaliza chuo, kazi hakuna, mchana wanashinda na simu na usiku hawalali. Wanataka kujua kama maisha yana maana, na papo hapo wanataka kujua kama wao ni wagonjwa. Vitabu nawapa. Lakini kuna maneno huwa nawaambia kwanza, na niliyapata kwa kumuuguza mdogo wangu.

Alirudi nyumbani Kibosho baada ya chuo akawa mtu wa chumbani. Mama alisema ni mawazo tu, akipata kazi yatakwisha. Baba mkubwa akataka padre aitwe. Mwenyewe alikuwa ameshika kitabu cha Viktor Frankl, daktari wa magonjwa ya akili wa Vienna aliyepelekwa kwenye kambi za Wanazi mwaka 1942, akapitia Auschwitz, akawa huru Aprili 1945, na mwaka uliofuata akachapisha kitabu kuhusu yale aliyoyaona na namna mtu anavyoweza kushika maana ya maisha hata mahali kama pale. "Dada, huyu mzee kaniandikia mimi," aliniambia. Nikashukuru kwamba amepata cha kumshika mkono.

Siku moja nilikifungua kile kitabu. Alikuwa akipiga mistari kwa penseli, nami nikaifuata ukurasa kwa ukurasa. Njaa, mstari. Baridi, mstari. Wafungwa waliokata tamaa wakagoma kuamka, mistari miwili na alama pembeni. Kuna mahali Frankl anatembezwa alfajiri kwenda kazini kwenye barafu, na sura ya mkewe inamjia wazi kabisa, naye anazungumza naye moyoni. Hapo penseli haikugusa. Kuna msimamizi aliyemchomekea kipande cha mkate kwa siri, na Frankl anasema kilichomliza si mkate, ni utu aliopewa pamoja nao. Napo hapakuguswa. Ukurasa ulikuwa msafi kama umetoka dukani.

Tangu siku ile naamini hivi: sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, ikishamkaa mtu, nayo inasoma pamoja naye, na ndiyo inayochagua sentensi. Daktari Aaron Beck wa Marekani aliliona jambo hili miaka ya 1960 alipokuwa akiwasikiliza wagonjwa wake. Mawazo yalikuwa yakiwajia yenyewe, haraka, bila kuitwa: sifai, dunia haifai, mbele hakuna kitu. Yote yameegemea upande mmoja, na mgonjwa anayaona ni ukweli mtupu. Mtu wa namna hiyo ukimpa kitabu chenye nuru na giza, atakirudisha akiwa amebeba giza peke yake, na atakwambia kwa dhati kabisa kwamba ndivyo kilivyoandikwa.

Kwa hiyo usisome peke yako. Simaanishi uunde kikundi. Mtafute mtu mmoja, dada, rafiki, mwenzako wa chumba, asome sura ileile, kisha mwulize yeye kaona nini. Mimi na mdogo wangu tulikuwa tukikaa barazani jioni, anasoma kwa sauti, nami sikumhubiria. Nilimwomba tu asome pia sentensi inayofuata ile aliyoipigia mstari. Mara nyingi ilikuwa imegeuza mambo kabisa, na yeye hakuwa ameiona.

Jambo la pili ni kutenganisha swali na ugonjwa. Kierkegaard, mwanafalsafa wa Copenhagen, aliandika mwaka 1844 kwamba wasiwasi ni kizunguzungu cha uhuru: mtu anachungulia yote anayoweza kuwa, kichwa kinamzunguka. Hilo ni swali la binadamu yeyote mwenye akili timamu. Kijana wa miaka 24 anayejiuliza aishi vipi hahitaji kidonge, anahitaji muda na mtu wa kubishana naye. Lakini asiyelala, asiyekula, aliyeacha hata mpira aliokuwa akiupenda, huyo usimpe falsafa kwanza.

Mwongozo wanaoutumia madaktari wa akili Marekani unataja dalili 9 za sonona. Zinatakiwa angalau 5, karibu kila siku kwa muda wa wiki 2, na mojawapo lazima iwe huzuni au kupotewa na hamu ya mambo. Nakutajia ili ujue wakati wa kutafuta msaada, usijipachike jina la ugonjwa. Upungufu wa damu humchosha mtu hivyohivyo. Tezi ya shingoni ikizembea humfanya mtu mzito na mwenye huzuni, na kitabu hakiwezi kukupima damu. Halafu hili tafadhali lishike: mtu akianza ghafla kuchanganyikiwa, kuongea yasiyoeleweka, na mwili una homa, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo. Malaria kali huingia kichwani, na kuna familia zinazopoteza siku nzima zikitafuta nani kamroga.

Usome nini, basi? Camus ningemweka kando mpaka usingizi urudi. Insha yake ya mwaka 1942 inaanza na swali la kujiua na inaishia kutetea kuishi, ila anayeisoma saa tisa usiku akiwa amechoka husoma kurasa za mwanzo tu, za mwisho hazifikii. *Kichwamaji* cha Euphrase Kezilahabi nakipenda kuliko riwaya nyingi za Kiswahili. Kazimoto ni msomi, anauliza maswali yaleyale tunayouliza sisi, na anaishia kujiua. Kisome ukiwa na nguvu. Anayeanza, mimi nampa Frantz Fanon, daktari wa akili, kwa sababu alikaa na wagonjwa. Alifika hospitali ya Blida, Algeria, mwaka 1953, akakuta burudani za Kizungu haziwasaidii wagonjwa Waislamu, naye akawafungulia mkahawa kama wa kwao ndani ya hospitali. Kitabu chake cha mwisho, *Viumbe Waliolaaniwa* kwa Kiswahili, kina sura nzima juu ya akili zilizoumizwa na vita vya ukoloni. Ukimsoma unaona kuwa si kila maumivu ya mtu yameanzia ndani yake, na kwa kijana asiye na ajira hilo ni jambo kubwa kulijua.

Kama wazo la kufa linakujia, mwambie mtu leo. Na wewe unayemhofia ndugu yako, mwulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kumwuliza hakumpandikizii wazo hilo. Mara nyingi ndiyo mara yake ya kwanza kulitamka. Usimwache peke yake, nendeni hospitali pamoja. Hospitali za rufaa za mikoa, kama Mawenzi hapa Moshi na Mount Meru kule Arusha, zina huduma ya afya ya akili. Maombi yaendelee, nyumbani kwetu hayakukoma hata siku moja, na dawa nazo zikamezwa. Zinachukua wiki kadhaa kabla hujaona tofauti, na akianza kucheka ndugu watasema sasa basi, aziache. Asiziache. Anayesema basi ni daktari.

Nilipomsindikiza mdogo wangu nilibeba kile kitabu kwenye mkoba. Aliulizwa anajisikiaje, akajibu "kawaida tu," kama wanaume wetu wanavyojibu. Nikakitoa. Daktari akakifungua, akapitisha kidole kwenye mistari ya penseli, akamwuliza kuhusu mmoja baada ya mwingine, na mazungumzo yakaanza hapo. Kwa hiyo ukienda, beba unachokisoma. Kama una kawaida ya kuandika kwenye daftari, beba daftari. Kama ni simu, mwonyeshe ulichokuwa ukitafuta usiku.