Re: Tiara ni mchezo wa watoto tu?

Ndugu, umeuliza kama tiara, au kishada, iliwahi kuwa na kazi zaidi ya mchezo. Iliwahi, tena kazi nzito! Wachina waliirusha tangu kale, hata vitani. Ila mfano ninaoupenda mno ni wa mto Niagara, mpakani mwa Marekani na Kanada, 1848: kijana Homan Walsh alirusha tiara yake hadi ikavuka korongo la mto. Ule uzi mwembamba ukafungiwa mwingine mnene zaidi, ukavutwa. Ikafuata kamba, kisha waya wa chuma, na daraja likaanzia hapo. Fikiria, uzi wa tiara! Desemba 1901 Marconi, mwanzilishi wa mawasiliano ya redio, naye aliinua antena ya kunasia mawimbi kwa tiara kule Newfoundland, kisiwa cha Kanada ya leo. Na wale ndugu wawili, akina Wright waliounda ndege, walijaribu kwanza mbinu ya kupinda mabawa ili kuiongoza ndege kwenye tiara, 1899.