Maji yanayovuja chini ya tuta la lambo: usizibe kwa nje

Ndugu, umeuliza kama uzibe kwa udongo wa mfinyanzi maji yanayochuruzika kwenye kitako cha tuta. Hapana. Ukiziba upande wa nje, maji yanabanwa ndani, tuta linalowa na kuporomoka.

Kwanza kinga maji hayo kwenye chupa angavu, yaache yatulie. Yakiwa safi na hayaongezeki, funika panapovuja kwa mchanga safi wa chembe kubwa, juu yake kokoto: maji yapite, udongo ubaki. Pima kila wiki sekunde za kujaza ndoo ya lita 10. Tope likituama chini ya chupa, tuta linaliwa kwa ndani. Hapo waondoe waishio bondeni siku hiyo hiyo, kisha mpigie mhandisi na upunguze maji. Wakati wa kawaida, pasipo dharura, shusha maji ya lambo polepole, kama sentimita 30 kwa siku, la sivyo ukingo wa ndani hubomoka.

Miti juu ya tuta? Ikate ingali michanga. Mizizi mikubwa ikioza huacha mifereji. Na njia ya maji ya ziada isizibwe kamwe kwa magunia ili kuongeza akiba. Tuta likipasuka huua: Solai, Nakuru, Kenya, Mei 2018, tuta la udongo lilipasuka usiku, watu zaidi ya 40 wakafa.