Nauli ya ndege ndogo kwenda Mahale: jibu la mtu aliyeshika mizani Tabora

Mkuu, umeuliza kwa nini wewe uliyeko Mwanga, Kigoma, unatajiwa nauli ya ndege ndogo kwenda Mahale, ile hifadhi ya sokwe kando ya Ziwa Tanganyika, inayozidi mara kadhaa tiketi ya Dar, wakati Mahale ni hapo tu kusini, kama kilomita 130 kwa njia ya ziwa. Ukauliza pia kama hiyo ni bei ya Wazungu. Nimepima mizigo na kujaza mafuta miaka minne kwenye kiwanja cha Tabora, kwa kampuni moja ndogo ya kubeba watalii ambayo sitaitaja. Nakujibu kwa niliyoyaona.

Kabla ya kubishana bei na wakala, muulize kwanza ndege inalala wapi. Zetu zilikuwa zinalala Arusha. Kutoka Arusha hadi Mahale ni zaidi ya kilomita 800 angani, na sisi tulikuwa tunawapokea Tabora kwa ajili ya mafuta. Sasa ukitaka wewe na ndugu zako mchukuliwe Kigoma, safari yenu haifiki nusu saa, lakini ndege imetoka Arusha kuwafuata na itarudi Arusha ikiwa tupu. Yote hayo mnalipa nyinyi. Mtalii anayetokea Arusha analipa nyingi pia, ila yeye kakaa ndani muda wote. Tena gharama za ndege kubwa wanagawana wengi: Bombardier Q400 ya Air Tanzania ina viti 76. Hii ndogo, Cessna Caravan, ina injini moja na viti kumi na kitu, na hata hivyo vyenyewe si vyote vinavyouzika.

Hapo ndipo watu wengi hawaelewi, hata baadhi ya mabosi wangu hawakuelewa. Caravan inaruhusiwa kuruka ikiwa na uzito usiozidi kilo 3,970 hivi. Ndege yenyewe na viti vyake inakula kama 2,300. Matangi yakijaa, mafuta peke yake ni karibu tani moja. Piga hesabu: kinachobaki kwa rubani, abiria na mabegi yao hakifiki kilo 700. Hao ni watu saba hivi, wakiwa na mabegi. Ukitaka kubeba kumi na wawili, lazima upunguze mafuta, na ukipunguza mafuta lazima uwe na mahali pa kuongeza njiani. Mahale hakuna. Ule uwanja wa udongo wa kutulia kando ya ziwa hauna pampu wala taa, kwa hiyo mafuta ya kurudi nayo unayabeba unapokwenda. Ndiyo maana Tabora ilikuwa muhimu kwetu.

Halafu Tabora yenyewe iko karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Saa nane mchana wa mwezi wa kumi, jua lile la Unyamwezi likiwaka, hewa inakuwa nyepesi, na ndege iliyoshiba inakimbia sana kabla ya kuinuka. Marubani wetu wazoefu walikuwa wanataka kuondoka asubuhi. Wakichelewa Arusha, sisi huku tunaanza kuwaza nani atabaki.

Kuna siku ofisi iliuza viti kumi na viwili kwa ndege iliyokuwa ipite hifadhi ya Katavi kisha Mahale. Tiketi zimeandikwa kilo 15 kwa mtu, begi laini. Wageni watatu wakashuka Tabora na masanduku magumu ya magurudumu. Moja nililipima likafika kilo 31. Arusha hakuna aliyepima, waliwaonea haya. Rubani akaja kwenye mizani yangu, akaangalia, akasema hapana. Tukatoa masanduku, bado. Tukapima watu wenyewe (mama mmoja alikataa katakata kupanda mizani mbele za watu, nikamwelewa), bado. Mwishowe watatu walilala hoteli Tabora wakila maembe na kusubiri ndege ya siku iliyofuata, na aliyetukanwa kwenye simu ni mimi mwenye mizani. Kampuni ililipia ndege ya pili. Unadhani gharama hiyo haikurudi kwenye nauli za msimu uliofuata?

Msimu nao ni huo mfupi. Wageni wanajaa kuanzia mwezi wa sita hadi wa kumi. Masika kambi nyingi zinafungwa na viwanja vya udongo vinageuka tope. Lakini mkopo wa ndege na mshahara wa rubani havijui masika. Hata kiangazi kina mambo yake: moshi wa mapori yanayochomwa mwezi wa nane na wa tisa unafunga macho, na Katavi rubani hupita chini mara moja kufukuza wanyama kabla ya kutua.

Kwa hiyo si bei ya Wazungu, ingawa nakubali hakuna aliyeipanga akikufikiria wewe.

Ushauri wangu. Kama mko wanne, achaneni na ndege. Nendeni kwa boti. Ni siku nzima na mawimbi ya mchana yanachosha, ila hata anayekuja kwa ndege anapanda boti tu, maana kiwanja kiko nje ya hifadhi na kambi ziko mbali kusini. Hifadhini mtalipa kiingilio cha Mtanzania kwa shilingi. Mwenye mafua asipoteze hela yake: sokwe wanaambukizwa magonjwa yetu, askari atamzuia, na hata mzima anavaa barakoa na kukaa nao saa moja tu.

Kama ni lazima iwe ndege, piga simu kwenye kampuni moja kwa moja, si kwa wakala, uulize siku ambayo ndege yao inarudi kutoka Mahale ikiwa na viti vitupu na kama inaweza kugusa Kigoma. Sisi tuliwahi kuuza viti vya namna hiyo kwa bei ya chini, kwa mwalimu mmoja na mkewe waliokuwa wanarudi Arusha. Walikuja na ndoo ya mawese. Mafuta ya mawese ndani ya Caravan, mkuu! Tuliifunga kwa nailoni mara tatu na bado rubani akakataa. Ndoo ikabaki kwangu, nikaila miezi miwili.

Ukitajiwa bei ya kukodi nzima, iweke hapa pamoja na mahali ndege inapolala, tuipigie hesabu.