Kamera za duka hazionekani nikiwa nyumbani

SWALI: Niko na duka la hadweya hapa Kibuye, Kisumu. Niliwekewa kamera nne na DVR (ile mashine ya kurekodi picha za kamera), intaneti ni ya faiba. Nataka kuziangalia kwa simu nikiwa nyumbani Ahero. Fundi aliingia kwa ruta akafungua porti 8000 (kama mlango wa kuingilia kutoka intaneti) iende kwa DVR, nikiwa dukani kwa waifai naona vizuri sana, nikiwasha data tu hakuna kitu. Sasa anasema ruta imeharibika ninunue ingine. Ninunue?
Mama Hadweya, Kibuye

JIBU: Mama, hiyo pesa weka kwa stoki, usinunue kitu kwanza. Ukiwa dukani fungua brauza, andika 192.168.1.1 (ama ile namba imebandikwa chini ya ruta), ingia, tafuta penye wameandika WAN (upande wa ruta unaoenda nje kwa intaneti) usome IP yake, yaani namba ya anwani yake. Ikianza na 10, ama na 100 halafu namba ya pili iwe kati ya 64 na 127, shida si ruta. Anwani za IPv4, hizo namba za kawaida za intaneti, karibu zote zimeshagawiwa, kwa hivyo kampuni nyingi za intaneti huweka wateja wengi nyuma ya IP moja, inaitwa CGNAT, na hizo za 100.64 zilitengewa kazi hiyo 2012. Ni kama ploti ya kukodisha, fundi amekufungulia mlango wa nyumba yako lakini geti la nje limefungwa na funguo iko kwa landilodi.

Unaweza kupigia kampuni uombe IP ya umma, kawaida wanaongeza kitu kwa bili ya mwezi. Lakini kwa kamera nne mimi nisingelipa. Kwa menyu ya DVR, upande wa netiwaki, angalia kama kuna P2P (njia ya simu kufikia DVR bila kufungua porti), iwashe, skani ile QR kwa apu ya kampuni iliyotengeneza DVR. Hapo DVR yenyewe ndiyo inatoka nje kutafuta seva ya hiyo kampuni, kwa hivyo geti halisumbui.

Ikishika, mwambie fundi afute hiyo porti 8000, na leo leo ubadilishe paswadi ya admin. Nakusihi usipuuze hii, 2016 virusi vya Mirai viliteka kamera na DVR nyingi sana duniani kwa kujaribu tu paswadi za kiwandani, na DVR ya duka ndiyo inajua unafunga saa ngapi.

Ukiwa kwa data chagua sub stream (video nyepesi) kwa apu, picha inapungua kidogo lakini bando haitaisha haraka.