Kiendelezi kisichojulikana kwenye kivinjari: mimi nazuia kwanza

Onyo lilijitokeza pembeni mwa skrini: kiendelezi kisichojulikana kimeonekana kwenye kivinjari chako. Chini yake vitufe viwili, Zuia na Ruhusu. Nilikuwa na faili nne za PDF za kuunganisha na kutuma kabla ya saa sita mchana, na kiendelezi chenyewe, yaani nyongeza inayokipa kivinjari kazi za ziada, nilikuwa nimekiweka dakika tano tu nyuma kwa kazi hiyohiyo, pamoja na kijiprogramu kilichodai kuwa msaidizi wake. Nikabonyeza Ruhusu. Faili zikaungana vizuri, nikazituma, nikasahau.

Wiki ya pili nikaanza kuona mambo. Nikitafuta neno lolote, anwani ya juu ilibadilika kufumba na kufumbua, ikapitia ukurasa nisioujua, kisha matokeo yakaja yametanguliwa na matangazo. Nikafungua orodha ya viendelezi ili nikitoe. Kitufe cha Ondoa hakikuwepo. Mahali pake paliandikwa kwamba kivinjari kinasimamiwa na shirika langu. Shirika gani? Kompyuta ni yangu mwenyewe, ya nyumbani. Kile kijiprogramu kilikuwa kimeandika sera, yaani agizo la usimamizi, ndani ya Windows inayokilazimisha kivinjari kukibeba kiendelezi hicho. Ilinibidi nikiondoe kijiprogramu kwanza, halafu niifute sera, ndipo kiendelezi kikakubali kutoka. Jioni nzima iliishia hapo.

Kwa hiyo ukiniuliza leo, jibu langu ni hili: kama huwezi kusema ni nani aliyekitengeneza na kwa kazi gani, kizuie sasa hivi. Kuchunguza kutafuata.

Nieleze kidogo hilo neno “kisichojulikana”, maana linawatisha watu bure na pengine linawalegeza bure. Programu ya kukinga virusi inapolitumia, mara nyingi inamaanisha kwamba kiendelezi hicho hakimo kwenye orodha yake ya vinavyoaminika wala ya vilivyothibitishwa kuwa vibaya. Kinaweza kuwa kazi safi ya mtu mmoja aliyekitengeneza mwezi uliopita. Programu yangu iliwahi kukitilia shaka kiendelezi cha kutunza manenosiri ninachokitegemea kila siku. Nilikizuia, nikaingia kwenye tovuti ya watengenezaji wake, nikafuata kiungo chao hadi kwenye duka la viendelezi la Chrome, nikalinganisha kitambulisho, nikakirudisha. Dakika kumi. Kitambulisho hicho kwenye Chrome ni mfululizo wa herufi 32, na utauona ukiwasha hali ya msanidi programu kwenye ukurasa wa chrome://extensions. Jina na nembo huigwa kirahisi, kwa hiyo linganisha zile herufi.

Pa kukaza macho hasa ni kwenye ruhusa. Kiendelezi kinachoomba kusoma na kubadilisha data yako yote kwenye tovuti zote kinaona unachokiona: barua pepe, akaunti ya benki, hata unachoandika kwenye fomu kabla hujaituma. Kizuia matangazo kina sababu ya kuomba upana huo. Kikokotoo hakina. Ubaya mwingine ni kwamba viendelezi hujisasisha vyenyewe. Kikiomba ruhusa mpya zilizo pana zaidi, Chrome hukizima mpaka uzikubali. Lakini kama ulishakipa kila kitu siku ya kwanza, toleo jipya litaingia kimyakimya.

Ndivyo ilivyokuwa kwa The Great Suspender. Kilikuwa kiendelezi kizuri cha kusimamisha vichupo usivyovitumia, kilichopendwa, na kwa miaka kilifanya kazi yake bila lawama. Mwaka 2020 mwenyewe alikiuza, na Februari 2021 Google ikakiondoa kwa sababu ya msimbo hasidi. Watumiaji hawakuwa wamebadilisha chochote. Aliyebadilika ni mmiliki. Na Desemba 2024 wadukuzi walimlaghai mfanyakazi wa Cyberhaven, kampuni ya usalama wa data, wakapandisha dukani toleo chafu la kiendelezi cha kampuni hiyo. Ndiyo maana nikiona onyo kuhusu kiendelezi nilichokizoea, silipuuzi ati kwa kuwa tumekaa nacho muda mrefu.

Kuzuia au kuzima si sawa na kuondoa, na tofauti hiyo ikusaidie. Ukikizima, data yake inabaki. Ukikiondoa, maandishi na mipangilio uliyohifadhi ndani yake huweza kupotea kabisa. Kizime, fanya kazi zako siku mbili tatu. Kama hakuna kilichokwama, kiondoe. Unachokibakiza, kibane: kwenye maelezo yake kuna sehemu ya kuchagua kifanye kazi kwenye tovuti zote, kwenye tovuti fulani tu, au pale unapokibofya. Vyangu vingi vinasubiri nivibofye.

Na kama ulisharuhusu kama mimi, kisha ukagundua kilikuwa kibaya, usiishie kwenye kukitoa. Kiendelezi chenye ruhusa pana kinaweza kuwa kimechukua vidakuzi, yaani vipande vidogo vya data ambavyo tovuti huhifadhi kwenye kivinjari, vinavyothibitisha kwamba umeshaingia, na mwenye navyo anaweza kupita bila nenosiri wala msimbo wa simu. Kwa kutumia kifaa kingine, ingia kwenye barua pepe yako kabla ya akaunti nyingine yoyote, badilisha nenosiri, kisha chagua kuondoka kwenye vifaa vyote. Halafu benki. Mimi nilianza na mitandao ya kijamii, nikaiacha barua pepe hadi kesho yake, na usiku ule sikupata usingizi.