Je, Mkataba wa Versailles ulikuwa kisasi cha Clemenceau?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nipo kidato cha sita. Madesa yetu yanasema Georges Clemenceau, waziri mkuu wa Ufaransa, aliitwa Simbamarara kwa kuwachukia Wajerumani, na kwamba Mkataba wa Versailles, ule wa amani na Ujerumani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ulikuwa kisasi chake. Nikijibu hivyo nitapata alama?

JIBU: Marahaba. Kwangu hupati. Sentensi hiyo naikuta kila msimu wa kusahihisha, neno kwa neno, hadi makosa ya tahajia ni yaleyale.

Usimbamarara wake Wafaransa wenzake ndio waliouonja kwanza. Mwaka 1885 alisaidia kuiangusha serikali ya Jules Ferry kwa sababu ya vita vya Tonkin, kaskazini mwa Vietnam, na Ferry alipodai bungeni kwamba jamii bora zina haki juu ya jamii duni, Clemenceau alimkatalia waziwazi. Aliposhika madaraka tena Novemba 1917, akiwa na miaka 76, alimtia ndani Joseph Caillaux, aliyewahi kuwa waziri mkuu. Mpole hakuwa, hilo sibishani nalo.

Sasa njoo Paris, 1919, kwenye mkutano wa amani. Marshal Foch, kamanda mkuu wa majeshi ya washirika, alitaka mpaka wa kijeshi wa Ufaransa uwe mto Rhine, na Rais Poincaré alimuunga mkono. Aliyewakatalia ni huyohuyo Clemenceau. Alikubali majeshi yakae Rhineland, eneo la Ujerumani kando ya mto huo, kwa miaka 15, pamoja na ahadi ya Marekani na Uingereza kuilinda Ufaransa ikishambuliwa. Nchi yake ilikuwa imezika watu takriban milioni 1.4, alichokuwa akitafuta ni usalama, na aliutafuta kwa washirika. Seneti ya Marekani haikuiridhia ahadi hiyo, ya Uingereza nayo ikaanguka pamoja nayo. Januari 1920 aliukosa urais, na miongoni mwa waliomnyima kura wapo walioona amewalegezea Wajerumani. Na katikati ya mazungumzo hayo, Februari 1919, kijana Émile Cottin alimpiga risasi, moja ikabaki mwilini mpaka kufa kwake. Cottin alihukumiwa kifo. Clemenceau mwenyewe akaomba apunguziwe adhabu. Mtu wa kisasi huyo?

Kinachonichosha hasa ni hawa wauza madesa, na siku hizi wenzao wa video za dakika mbili, wanaogeuza mkutano mzima kuwa mchezo wa kuigiza: Wilson, rais wa Marekani, malaika; Lloyd George, waziri mkuu wa Uingereza, mjanja; Clemenceau shetani. Mwanafunzi anakariri tabia za watu watatu, halafu hajui mkataba wenyewe ulisema nini. Haukutaja jumla ya fidia ambayo Ujerumani ingelipa. Mark bilioni 132 za dhahabu (mark ni fedha ya Ujerumani wakati huo) zilipangwa Mei 1921, Clemenceau akiwa ameshaondoka madarakani, na aliyepeleka jeshi Ruhr, eneo la viwanda la Ujerumani, mwaka 1923 ni Poincaré, wakati huo akiwa waziri mkuu. Desa lako likimtwisha Clemenceau mambo hayo mawili, mrudishie aliyekuuzia, udai na hela yako.