Maswali yenu kuhusu bombomu ya Maxim

Maswali ya wiki hii yanahusu bunduki ya rasharasha ya Maxim, ile iliyopozwa kwa maji, ambayo wazee wetu waliiita bombomu.

Nani aliibuni? (Msomaji, Mombasa)

Hiram Maxim, Mmarekani aliyehamia London. Ya kwanza aliikamilisha mwaka 1884. Baadaye alichukua uraia wa Uingereza, akapewa na cheo cha "Sir".

Ilikuwa inajipakia yenyewe? (Msomaji, Dodoma)

Ndiyo, na upya wake ulikuwa hapo hasa. Bunduki za Gatling zilizoitangulia zilizungushwa mpini kwa mkono. Kila aliyewahi kufyatua bunduki anajua jinsi inavyompiga bega. Nguvu hiyo ndiyo Maxim aliyoitia kazini: risasi ikitoka, mtutu unarudi nyuma kidogo, unafungua chemba ya risasi, ganda tupu linatolewa, mkanda unasogea, risasi mpya inaingia na kufyatuka. Mpigaji anashika vishikio viwili na kubonyeza kwa vidole gumba. Mkanda wa kitambaa ulibeba risasi 250, na kwa kasi ya risasi kama 500 hadi 600 kwa dakika, ulikwisha kabla hujakaa sawa.

Maji yalikuwa ya kazi gani? (Msomaji, Morogoro)

Kwa kasi hiyo mtutu ungewaka moto na kuharibika. Kwa hiyo ulipitishwa ndani ya bomba pana lenye maji, kama lita 4 hivi. Ukipiga mfululizo, dakika chache tu yanachemka, na joto linatoka na mvuke. Maadamu maji yamo, kazi inaendelea. Yakikauka, umebaki na chuma cha moto. Halafu mvuke ukipanda, adui anajua ulipojificha. Ndiyo maana katika Vita Kuu ya Kwanza askari waliunganisha mpira kutoka kwenye bomba hadi kwenye debe la maji, mvuke ukapoe humo na maji yatumike tena.

Wahehe walimshindaje Mjerumani mwenye silaha za namna hii? (Msomaji, Iringa)

Kwa kutompa nafasi ya kuzifungua. Tarehe 17 Agosti 1891, kule Lugalo, Emil von Zelewski, kamanda wa Kijerumani ambaye wenyeji walimpachika jina la Nyundo, alikuwa akipita porini na msafara mrefu wa askari na wapagazi. Alikuwa na mizinga na bunduki za rasharasha, lakini bombomu pekee, bila gari lake wala miguu yake, ilifika kilo 25 na zaidi, mzigo kamili wa mpagazi mmoja. Bado kuna mikanda, maji na watu wanaojua kuitengeneza ikikwama. Wapiganaji wa Mkwawa walijificha kando ya njia, wakawavamia kwa mikuki wakiwa safarini. Zelewski aliuawa mwanzoni kabisa.

Sasa linganisha na Mahenge, tarehe 30 Agosti 1905, wakati wa Vita vya Maji Maji. Wapogoro na Wambunga walilishambulia boma mchana kweupe, kupitia uwanja wazi, na Wajerumani walikuwa ndani wakiwasubiri na bombomu mbili zilizokwisha kutegwa. Washambuliaji waliuawa kwa mamia. Anayesema wenzetu walishindwa kwa ujinga hajawahi kujiuliza maswali ya uwanja na nafasi. Hata Waingereza na majeshi yao kutoka India walipojaribu kuuteka mji wa Tanga, Novemba 1914, walikumbana na bunduki za aina hiyohiyo na kurudi melini, wakiacha silaha na risasi kwa maelfu.

Ni kweli Stanley alipita na Maxim huku kwetu? (Msomaji, Kampala)

Kweli. Stanley, yule mpelelezi, alipewa moja kwa safari ya kumtafuta Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta kusini mwa Sudan, iliyoanza mwaka 1887 na wapagazi wengi wa Unguja. Walipita nayo misitu ya Kongo hadi pwani ya huku. Kwenu ilifika baadaye, ikiwa imechakaa, mikononi mwa Lugard, ofisa wa Kiingereza, na Maxim zilisikika Mengo, makao ya Kabaka, katika mapigano ya Januari 1892.

Bado kuna jeshi linaloitumia? (Msomaji, Bujumbura)

Lipo. Ukraine ilitoa ghalani Maxim za mtindo wa Kirusi wa 1910 na kuzipeleka mstari wa mbele. Nzito kweli, ila ukiwa umekaa handakini na maji yapo, uzito haukusumbui.